Boti Ikikutazama

Kwako mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu kaka yako, ambaye bado nipo na bado natembea kwa miguu yangu mwenyewe bila fimbo. Hujambo? Shemeji hajambo? Na watoto, ambao kwa hesabu yangu sasa ni watu wazima wenye nyumba zao, hawajambo? Na lile bega lako, linakusumbua siku za baridi? Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kabisa, isipokuwa magoti yanayonung'unika nikipanda ngazi, na jicho la kushoto ambalo daktari anasema limeingia ukungu. Nilimwambia ukungu si kitu kigeni kwangu, nimeingiza meli gatini kwenye ukungu ambao yeye asingeiona hata kalamu aliyoshika. Akaandika kitu kwenye faili lake, akamwita mgonjwa mwingine.

Najua utashangaa kuuona mwandiko huu. Barua zangu zote huandikwa na binti yangu, mimi nasema yeye anaandika, na wewe hukupata hata moja kwa sababu sikuwahi kumwambia aandike yako. Hii naiandika mwenyewe. Nilifika darasa la tatu tu, unajua, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea matangazo ya bandarini, lakini herufi nazijua zote na hakuna hata moja iliyonishinda. Zinachelewa tu kufika. Leo ni siku ya nne niko kwenye barua hii. Ukikuta neno limekaa vibaya, lisukume kidogo litakaa sawa.

Miaka kumi na sita hatujasemezana, tangu siku ile tagi yetu, boti yetu ya kuvutia meli, ilipogonga gati, mimi nikiwa juu naendesha na wewe chini kwenye injini. Wakakufukuza wewe, mimi nikabaki. Nitafika huko. Nakuomba usiikunje barua kabla hujafika huko. Kwanza nikupe habari za hapa, maana ndiyo njia niliyopitia.

Nyumba ni ile ile, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule. Mke wangu alipofariki, miaka mitano iliyopita, ulituma pole kwa binti yangu. Alinisomea. Hukunitaja, lakini nilisikia. Tangu hapo nakaa peke yangu, na mimi ni mtu ninayejiweza, napika, nafua, napiga pasi shati lenye mkunjo ulionyooka kuliko wa mtu yeyote katika jengo hili. Mezani kuna viti vinne. Ili visishike vumbi nimeanza kuvikalia kwa zamu. Binti yangu huja Jumapili, akikosa kuja hupiga simu, akikosa kupiga hutuma ujumbe kwamba amekosa. Watu wa ngazini huniamkia shikamoo, naitikia marahaba, na hapo mazungumzo ya siku yamekwisha.

Ndipo nikaamua kuunda tagi.

Si ya kupanda mtu, usicheke. Tagi ndogo, ya kuelea kwenye bwawa. Nimeiunda kwa mbao nyembamba, ubavu kwa ubavu, bila mchoro, mchoro ninao kichwani. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka begani mpaka ncha ya kidole, na tumbo lake ni nene na fupi kama la yetu, halina aibu. Madirisha nimekata kutoka chupa ya maji. Yale matairi ya ubavuni ya kuzuia kukwaruzana na meli, nimetumia vile vipira vidogo vya bomba, na mwenye duka la mabomba aliniuliza ni nyumba gani hiyo inayovuja mahali arobaini. Mkono wangu haujatetemeka hata mara moja. Wataalamu wenye mashine wasingefanya vizuri hivi, na sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu nimeitazama.

Chini nimeweka mapangaboi mawili, moja kushoto na moja kulia, kila moja na mota yake, na kila moja linajizungusha kuelekea upande wowote kama yale yetu. Betri nimeiweka pale pale ulipokuwa ukikaa wewe, nyuma ya ngazi ya kushukia chini. Hapakuwa na mahali pengine, uzito ulitaka hapo.

Ilibaki rimoti ya kuiendeshea. Sasa rimoti ndiyo habari yenyewe.

Mtaa wa nyuma kuna fundi wa redio, mtu wa makamo, wanamwita Waya. Sijui ni kwa sababu ya wembamba wake au kwa sababu dukani mwake huwezi kukanyaga bila kukanyaga waya. Nilikwenda na tagi kwapani, nikamweleza kazi ya tagi, kwamba ni boti fupi yenye nguvu za meli kumi, inavuta na kusukuma meli kubwa mpaka zinalala gatini kama mtoto kitandani. Nikamweleza mimi ni nani. Alisikiliza huku anachomelea spika, kisha akatoa rimoti tatu akaziweka mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya kushika kama bastola, ina gurudumu dogo ubavuni na kifyatulio. Nikamwambia hiyo akampe mwenye kigari cha kuchezea. Ya pili ilikuwa na vijiti viwili, kimoja kila upande. Ya tatu nayo ilikuwa na vijiti na kioo chenye maandishi, na Waya aliisifia sana. Alisema hiyo ina akili, unasukuma kijiti kimoja tu kule unakotaka boti iende, na yenyewe inapiga hesabu pangaboi hili lielekee wapi na lile lielekee wapi. Nikamwambia siku sanduku litakapoanza kunifikiria, siku hiyo wanizike nalo.

Nilitaka ile ya vijiti viwili. Kijiti cha kushoto kiwe cha pangaboi la kushoto, ukikipeleka mbele na nyuma linaongeza na kupunguza nguvu, ukikilaza pembeni linageuka. Cha kulia vivyo hivyo. Kama vishikio vyetu viwili, kimoja kila upande wa kiti. Ila vijiti vile vilikuwa na springi, ukiviachia vinarudi katikati vyenyewe. Nikamwambia azitoe springi. Waya akasema bila springi kijiti kitabaki pale pale ulipokiacha, na ukipata wasiwasi boti itaendelea kwenda. Nikamwambia ndivyo tagi ilivyo, na mimi sipati wasiwasi.

Lakini sikununua siku hiyo. Wala wiki hiyo. Nilikuwa narudi kila asubuhi na swali jipya, kuhusu urefu wa antena, kuhusu betri za rimoti, kuhusu kama maji ya bwawa yanakula mawimbi. Waya aliniambia hata mke hakumchagua kwa muda mrefu hivyo. Nikamjibu ndiyo maana anamlalamikia kila siku. Tukacheka. Wiki saba, mdogo wangu. Binti yangu alidhani ni ubishi wangu wa kawaida, nami nikamwacha adhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshachagua dakika ya kumi. Nilijua tu kwamba nikishanunua sitakuwa na sababu ya kwenda pale, na pale ndipo mahali pekee ambapo mtu alikuwa ananiuliza, mzee unaonaje.

Wiki ya saba nikaishiwa maswali. Waya akatoa springi, akaunganisha kila kitu, na kabla ya kunikabidhi akarudia tena kunishauri nichukue ile yenye akili. Sababu yake ilikuwa moja. Alisema ile ina swichi ya kubadili kulia na kushoto wakati boti inarudi kwako, kwa sababu boti ikikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na watu wengi hapo huchanganyikiwa. Nilihisi amenitukana. Nikamuuliza kama anajua anaongea na nani. Miaka thelathini na moja nimeendesha tagi, leo niuziwe swichi ya kunionyesha kushoto kwangu. Akanifungia mzigo.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye bwawa la bustani, lile la mviringo lenye ukingo wa saruji. Waya alifunga duka aje kuona, heshima ambayo hakulazimika kunipa. Watu walikuwa kwenye mabenchi, wengine wakasogea. Nikaiweka majini. Ilikaa kama yetu, mdomo juu kidogo. Nikaipeleka mbele, ikaenda. Nikaizungusha mahali pamoja kama pia, nikairudisha kinyumenyume, nikaipeleka pembeni kama kaa, na watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nilijifunza shuleni. Nikamwambia shule ndiyo ilikuja kujifunza kwangu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tulipomzika mke wangu, nasema kweli.

Kisha nikaigeuza irudi. Ikawa inanijia, mdomo umenielekea, nami nikaona inakwenda kugusa ukingo upande wa kushoto wangu. Nikaivuta kulia. Ikazidi kwenda kushoto. Nikavuta zaidi kulia, nikaongeza nguvu. Kadiri nilivyoongeza ndivyo ilivyozidi kukimbilia ukingo, na vijiti havikuwa na springi, vikabaki pale pale nilipovibana. Ikapiga saruji kwa mdomo. Ulisikika mlio wa mbao kupasuka.

Hapo ndipo nilipofungua kinywa changu mbele ya watu wote wale na kusema, "Mota hazikuitika."

Hakuna aliyeniuliza, mdogo wangu. Nilisema tu, neno lilikuwa tayari mdomoni.

Waya akaingiza mikono majini, akaitoa tagi, akafungua mfuniko, akachukua rimoti mkononi mwangu na kujaribu moja moja. Pangaboi la kushoto likazunguka, likageuka. La kulia likazunguka, likageuka. Akanitazama, wala hakuwa na kejeli usoni, afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Mota ni nzima, mzee. Usijali, boti ikikutazama kila mtu hukosea. Macho yamegeuka lakini mkono haujui." Kisha akasema kwa sauti ndogo ili watu wasisikie, kwamba nisiisingizie mota, mota haina pa kujitetea.

Nikaifunga tagi kwenye taulo nikarudi nyumbani. Duka la Waya sijakanyaga tena, ingawa hakunikosea lolote.

Nilitaka kukuandikia kwamba siku hiyo kwenye bwawa ndipo nilipotambua ni nini kilichotokea miaka kumi na sita iliyopita. Kwamba nilikuwa sijui, na kitagi kidogo kikanifundisha. Nilishaandika hivyo kwenye karatasi nyingine jana, na ilisomeka vizuri, mtu angenihurumia. Nimeichana. Sikutambua kwenye bwawa. Nilijua siku ile ile, kabla hata tagi haijatulia, kabla hujapanda ngazi ukishika bega.

Unakumbuka kiti changu kilivyokuwa. Kiti kinageuka, vishikio havigeuki. Ukitazama mbele, kishikio cha kushoto ni cha pangaboi la kushoto. Ukigeuza kiti utazame nyuma kwenye kamba ya meli, mkono wako wa kushoto umekaa kwenye kishikio cha kulia, na kichwa ndicho kinachotakiwa kugeuza hesabu. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mara elfu. Siku ile nilikuwa nimetazama nyuma, kamba ikalegea, meli ikaanza kutujia, gati ikawa karibu, na mimi nikavuta vishikio kama mtu anayetazama mbele. Tagi ikageukia gatini. Nikaongeza. Wewe kule chini ukanipa nguvu zote nilizoomba, zote, bila kupunguza hata kidogo, na kwa nguvu hizo hizo zako nikaibamiza tagi ukutani na wewe ukarushwa juu ya bomba.

Kwenye kikao wakaniuliza. Nikasema niliomba nguvu za kurudi nyuma, injini haikuitika. Ukaulizwa wewe, ukasema injini ilikuwa nzima, ukasema neno hilo tu, hukunitaja. Na yule mwenyekiti akasema kama kaka yake wa tumbo moja ndiye anayesema injini ilikuwa mbovu, wao ni nani wabishe. Hilo ndilo lililokumaliza. Si faili wala uchunguzi. Walikuhukumu kwa undugu wetu. Nami nilikaa pale nikasikia, nikatazama kofia yangu.

Walikuwa wanataka kunifanya mkuu wa manahodha wote wa tagi. Nilijiambia utapewa onyo, utakatwa siku chache, yataisha. Walipokunyang'anya cheti nikajiambia wewe ni kijana, utapata pengine. Uliposhindwa kupata pengine kwa sababu ya ile barua yao ya kukufukuza, iliyosema huijui injini, nikajiambia labda kweli injini ilichelewa kidogo. Nimejiambia hivyo kwa miaka mingi mpaka nikawa nasimulia watu, na nikisimulia naongeza moshi, naongeza mlio wa injini kukohoa. Mke wangu peke yake hakuwahi kunisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anainuka anakwenda jikoni.

Siku ulipotoka getini na sanduku lako la spana, uliniuliza swali moja tu. Uliniuliza, "Kaka, ulishika kipi?" Nami nikakujibu usinifundishe kazi. Ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Nilivuta vya kinyume, mdogo wangu. Injini yako ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la mkono wangu, na uongo ulikuwa wa mdomo wangu, na huo wa pili ndio mkubwa.

Binti yangu nilimwambia Jumapili iliyopita. Alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini, akaosha vyombo vyote hata vilivyokuwa safi, akachukua mkoba wake. Mlangoni aliniuliza kama mama yake alikuwa anajua. Nikamwambia sikuwahi kumwambia. Akasema hakuuliza hivyo. Jumapili hii hajaja wala hajapiga.

Jumatatu nilivaa koti langu nikaenda bandarini. Mlinzi wa getini hanijui, akaniambia niandike jina na shida yangu kwenye daftari. Ofisini kuna karani, mama mmoja mwenye miwani, akasema faili la ajali yetu ni la zamani, liko stoo. Nikamwambia nitasubiri. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane, na kama unavyojua mimi nikikaa nimekaa. Akalileta. Nikasema yote, akayaandika, akanisomea, nikatia sahihi yangu kwa jina, si kwa dole gumba. Kabla sijatia akaniuliza kama najua kwamba picha yangu imetundikwa koridoni, mkuu wa manahodha wa tagi, na kwamba huenda ikashushwa. Nikamwambia najua, ni picha nzuri, waishushe polepole kioo kisivunjike. Akasema kikao kitakaa, na lolote watakaloamua kuhusu cheti chako watakuandikia wewe mwenyewe. Hakuahidi kitu. Nakala yenye mhuri nimeiweka humu pamoja na barua hii. Ichukue uende nayo popote waliposema huijui injini.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa na haya hiyo ningekuomba miaka ile. Wala sikuombi uje. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu kabla hayajakufikia kwa mhuri wa ofisi. Anwani yangu haijabadilika.

Nisalimie shemeji. Siku ile alipokuja kunililia, baada ya wewe kufukuzwa, nilimwambia mume wake alikuwa amesinzia kwenye zamu. Hili wewe hulijui, kwa sababu yeye hakukuambia, nami leo ndipo nakuambia. Mwombe asome mwenyewe mahali hapa.

Nisalimie na watoto, mmoja mmoja, wale ambao majina yao bado nayakumbuka yote. Wape barua hii waishike mikononi mwao. Usiwasomee wewe, nakujua, ukifika pale nilipojiaibisha utaruka mistari.

Wasalaam.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa,
Kaka yako